Harusi ya Suzuki

Jumatatu, 1 Juni 2009
Balaa. Bwana Wilbrod wa ofisi ya mapato kasimama pale Kilindoni karibu na uwanja wa ndege, anakagua rodi laisensi, kile kistika cha kodi kwenye kioo cha gari. Changu kilikwisha mwaka juzi. Ukikamatwa ni hakimu, faini, na gari linalala kituoni. Na Ijumaa nimeahidi kumpeleka bibi harusi Bweni, binti wa dada yangu Biubwa. Dada kasema nikimwangusha nisahau chakula chake mpaka kiama. Jirani yangu Nabil kajitolea gari lake. Lina stika. Huifuta kwa kitambaa kila asubuhi ili niione. Heri nitembee kwa magoti.

Kulipa? Mimi? Barabara ya Bweni mashimo matupu. Wanilipe wao.

Jumanne, 2 Juni
Nimepata akili! Nani anasimamisha gari la harusi? Basi Suzuki nimeipamba leoleo. Riboni, maua ya plastiki, na pazia la sebuleni kuziba kona ya stika. Nimempita Wilbrod napiga honi. Kasogea pembeni, kapiga na saluti. Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. Nikarudi kupita mara tatu, kwa raha zangu.

Jumatano, 3 Juni
Watu wanauliza bibi harusi ni nani. Nikisema subirini Ijumaa, wanakonyezana. Mzee Matano kanishika mkono, kanihusia kwa umri wangu ninywe supu ya pweza kwa wingi. Nimemshukuru. Sikumwelewa.

Jioni mke wangu, Mwanahalima, kauliza pazia lake liko wapi. Nikamwambia ni siri, atajua Ijumaa. Kanipakulia wali bila mchuzi. Mwanamke mstahamilivu sana.

Alhamisi, 4 Juni
Nimekwisha! Kumbe Nabil kaenda kumpa Mwanahalima pole ya kuletewa mke mwenza. Mke wangu hakulia. Kavaa buibui, kaenda moja kwa moja kwa Wilbrod, kamwambia afunue lile pazia, akimaliza amrudishie, ni la kwake. Wilbrod kafunua. Tena kwa adabu, ndiyo iliyoniuma.

Saa nne niko mbele ya hakimu. Kauliza kwa nini gari limepambwa siku tatu kabla. Nikajibu nampenda sana mpwa wangu. Akacheka hata karani. Faini. Suzuki imelala kituoni na riboni zake.

Ijumaa, 5 Juni
Bibi harusi kaenda Bweni kwa gari la Nabil. Mimi nyuma, nimekalia sufuria la pilau. Pilau yenyewe sikupewa, Biubwa kasimamia mwiko mwenyewe. Mwanahalima kasema sasa anaamini hakuna mke mwenza, mwanamke gani mwingine angekubali. Lakini kabaki kwa mama yake hukohuko Bweni, kwa sababu pazia limetoboka. Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu.

Jumamosi, 6 Juni
Faini nimelipa, gari nimerudishiwa. Stika nimepewa siku saba niikate. Siku saba nyingi.

Kosa langu nimeliona. Harusi ina maswali mengi. Msiba je? Nani anasimamisha gari la maiti? Jeneza la msikiti nimeshaliazima, nimesema nalitengeneza mguu. Linakaa vizuri juu ya Suzuki. Na safari hii hakuna siri, marehemu lazima awe na jina. Nimefikiri sana, nikamchagua mama mkwe. Sokoni nimeshawaambia, wanawake wamelia vizuri. Mwenyewe yuko Bweni, mbali, na kwa barabara ile habari haitamfikia.