Supu ya Buluu ya Bi Eulalie

Kwa maneno yake mwenyewe, Aristide Loubet ndiye mtu wa kwanza tangu dunia iumbwe kuziona rangi. Sisi wengine tulikuwa tunapapasa tu.

Kiangazi hicho alishuka Collioure, mji wa wavuvi kusini mwa Ufaransa, akiwa na sanduku la rangi, akapanga chumba kwa Bi Eulalie, mjane anayetia dagaa chumvi. Kuchanganya rangi aliona ni kazi ya waoga. Alikamua rangi kutoka kwenye mrija, akapaka hivyo hivyo. Wiki mbili hazijaisha, pichani mbuzi wa jirani amekuwa wa rangi ya machungwa, na Bi Eulalie, aliyechorwa mlangoni akichambua dagaa, amepewa pua ya kijani.

"Bwana Aristide, pua yangu imeoza?"

"Mama, mimi sichori pua. Nachora ninavyoiona moyoni."

"Basi huo moyo wako umeota kuvu."

Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Sokoni wakaanza kumwita Mama Kijani, naye pua ile alikuwa ameitembeza pale miaka thelathini bila malalamiko ya mtu. Ilimuuma sana.

Jumapili akatarajiwa Bwana Courbassier, mfanyabiashara wa picha kutoka Paris. Akiipenda picha, itaingia kwenye maonyesho. Asipoipenda, Aristide arudi kwao Limoges kupima utepe dukani kwa baba yake mpaka uzeeni. Kijana wa watu alikonda kwa hofu.

"Mama, tafadhali, pika kitu cha maana."

"Nitapika kwa moyo, mwanangu. Usiwe na shaka."

Mgeni akaja, akaitazama ile pua ya pichani kwa muda mrefu.

"Ina ujasiri," akasema. "Ila siku hizi kila mtu anapaka kijani. Nitajuaje wewe unaamini?"

"Bwana, mimi ndivyo ninavyoishi. Rangi ya mazoea ni ya wachuuzi."

Bi Eulalie akafunua chungu. Supu ilikuwa buluu. Viazi buluu, samaki buluu, hata mvuke ulitia mashaka.

"Mama, nini hii?"

"Supu ya samaki. Nimeipika ninavyoiona moyoni."

Courbassier akaonja, akafumba macho, akachota tena. Aristide akainua kijiko mpaka mdomoni. Kichwa cha samaki kilimkodolea jicho la buluu, akakitua kijiko.

"Siwezi! Supu ina rangi yake, jamani!"

Mgeni akafuta masharubu taratibu.

"Umetia nini, mama?"

"Kabichi ya zambarau na magadi kidogo. Haidhuru hata pua."

"Niongezee sahani." Kisha akamgeukia Aristide. "Kijana, Paris wachoraji wa rangi kali tunawaita wanyama wa porini, na niliambiwa nyumba hii ina mmoja. Kweli yupo, ila anakaa jikoni."

Jumatatu Aristide alipanda treni, picha akaiacha. Sasa Bi Eulalie anafunikia nayo pipa la dagaa, pua ikitazama ndani ipate harufu.

Na Aristide yupo Limoges, anauza utepe. Wa kijivu, anasema, ndio unaotoka sana.