Karatasi za Kitabu Kimoja

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Treni imeleta karatasi! Rimu kumi na mbili ndani ya gunia, zinanuka dagaa waliosafiri nazo kutoka Tabora. Nilifika kiwandani kabla Danford hajafungua kamba. Kiwanda ni chumba kimoja hapa Misunkumilo, mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, na Danford mwenyewe, mchapaji, niliyemfundisha darasa la tano.

Danford amepima. Zinatosha kitabu kimoja tu mwaka huu. Nikamwambia vizuri sana, changu kiko tayari: Mashairi Arobaini Pamoja na Maelezo. Akajikuna shingo. Akasema mashairi ni kurasa arobaini, Mwalimu, lakini maelezo ni mia mbili na kumi. Nikamweleza kwa nini. Alisikiliza akihamisha uzito mguu hadi mguu.

Kumbe kuna mwingine! Ndaki, mfugaji wa Kisukuma wa upande wa Usevya, mtunzi wa nyimbo. Hajaandika hata mstari. Anaimba tu, na Sikujua, binti anayepanga herufi kwa Danford, ananakili. Danford ameamua hivi: tarehe 13, kwenye kikao chetu cha kila mwezi cha kusomeana kazi uani kwa kiwanda, tutashindana. Atakayependwa na watu, karatasi ni zake.

Miaka thelathini na moja nimefundisha vitabu vya watu wengine. Nataka kimoja chenye jina langu kwenye jalada kabla sijafumba macho. Hilo tu.

Jumatano, 3 Agosti

Nilimshauri Danford aniteue mwenyekiti wa waamuzi. Akauliza, si wewe ni mshindani? Nikamjibu kwamba ndiyo maana naielewa kazi vizuri zaidi. Alikataa. Ajabu.

Nikabaki kuangalia tangazo la shindano likipangwa. Jambo la kuvutia mno! Herufi ni za risasi, ndogo kama punje za mchele, na zimegeuzwa nyuma mbele, maana karatasi ndiyo itakayozigeuza tena. Herufi za a ndizo zinazokwisha kwanza, kwa kuwa waliozitengeneza huko Ulaya hawakujua sisi tunazitumia kiasi gani. Nilimweleza Sikujua hayo yote. Akasema anajua, Mwalimu, ni kazi yake ya miaka sita.

Alipotoka kwenda kunywa maji nikaona jina la Ndaki limewekwa juu ya langu. Si haki. Mtu mzima hutangulia. Nikafikiri nilihamishe kwa vidole viwili tu, polepole.

Tangazo zima limemwagika sakafuni.

Ijumaa, 5 Agosti

Siku ya pili naokota herufi na kuzirudisha kwenye vijumba vyake. Magoti yanalalamika. Sikujua anapita akisema, shikamoo Mwalimu, na ile pale chini ya kabati, na ile nyingine. Nimegundua kwamba n na u huwezi kuzitofautisha bila kuangalia alama ndogo iliyochongwa ubavuni mwa herufi. Nimeandika ukurasa na nusu kuhusu jambo hilo. Danford hataki kuusoma.

Ndaki mwenyewe alifika. Mrefu, mpole, kofia ya pama. Nilidhani atanikasirikia kwa ajili ya tangazo, kumbe alichuchumaa akaniokotea herufi, huku akiuliza kila moja inaitwaje. Mwanafunzi mzuri sana. Kisha akaomba tushindane kama wanavyoshindana kwao, maana ndivyo alivyozoea. Akauliza pia kama nina dawa ya kuvuta watu. Nikamwambia ninayo ya presha tu. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Nikakubali. Nilitaka aone ukarimu wangu, na pia nilikuwa na sharti langu: mimi nianze. Anayeanza huwakuta watu hawajachoka. Ndaki akasema, anza tu, Mwalimu, na mimi naanza. Sikujua akaandika mapatano. Nilisahihisha mkato mmoja na herufi kubwa mbili, nikatia sahihi.

Ndaki aliondoka akitabasamu. Sikuelewa kwa nini. Nitachunguza.

Jumapili, 7 Agosti

Fikra mpya! Mabenchi. Kwenye vikao vyetu watu husimama, na mtu aliyesimama ni rahisi kuondoka. Aliyeketi huona haya kuinuka. Nimezungumza na katekista, atatuazima mabenchi kumi na mawili ya parokia. Nitayapanga yote yanielekee mimi. Ndaki aimbie migongo.

Jioni nilimfanyia mke wangu Cecilia mazoezi. Nimechagua shairi la mbung'o. Beti mbili, kisha maelezo: mbung'o ni nani, mabawa yake hukunjwaje, ugonjwa wa malale, na kwa nini wazee wetu walihamishwa kutoka vijiji vya porini. Dakika ishirini na mbili. Cecilia alisinzia kwenye mabawa.

Alipoamka akasema, Baba Enoka, hao watu wanajua mbung'o, wameumwa naye. Nikamwambia kuumwa si kuelewa. Akasema basi yatoe hayo mabawa walau. Nimeongeza mchoro.

Jumatano, 10 Agosti

Tangazo limebandikwa sokoni na stesheni. Jina langu liko chini. Danford alilipanga mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani.

Nilimwuliza muuza mchele mmoja kutoka Kibaoni kama atakuja. Akasema atakuja, nani akose ngoma ya Ndaki? Nikamwambia si ngoma, ni kikao cha fasihi. Akasema sawa mzee, hata hicho tutakicheza.

Jumamosi, 13 Agosti

Naandika haya nikiwa nimetulia.

Watu walijaa uani, wengine juu ya ukuta. Mabenchi yote yalinielekea. Yalijaa! Cecilia alikaa mbele kwenye kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani. Danford akatangaza tuanze. Nikavaa miwani. Nikasoma ubeti wa kwanza, na sauti yangu ilikuwa nzuri, hata mimi niliisikia.

Papo hapo, ng'ambo ya pili ya ua, Ndaki naye akaanza!

Nikanyamaza. Nikamnyoshea Ndaki kidole, Danford aone. Danford akanionyesha mapatano. Kumbe ndiyo desturi yao: washindani wawili huanza pamoja, uwanja mmoja, wakati mmoja, na watu huenda wanakovutwa. Filimbi ikilia, kila mtu husimama alipo, ahesabiwe. Imeandikwa wazi. Imo kwenye sentensi ileile niliyoisahihisha mkato.

Nikaendelea. Ndaki alirusha jembe juu, likazunguka, akalidaka kwa meno. Benchi la nyuma likageuza shingo. Nikaongeza sauti, nikaingia kwenye mabawa. Mtu mmoja ukutani akapiga kelele, Mwalimu, kengele imeshalia! Wakacheka. Kisha, na hili sikulitarajia, watu wa benchi la nyuma waliinuka wakaliinua benchi lao na kwenda nalo. La pili likafuata. Niliwaambia, nyie, hayo ni ya parokia! Mzee mmoja akajibu kwa adabu kwamba ndiyo maana wanayabeba vizuri.

Ndaki alikuwa anaimba habari za ng'ombe mmoja jike, mwekundu, aliyegoma kupanda treni pale Kaliua wakati familia inahamia huku. Wanaume wanne wamemsukuma. Amekaa chini. Stesheni masta anatazama saa. Dereva anatoa kichwa nje. Hapo Ndaki akakaa kimya, akacheza hatua nne tu, akitazama watu mmoja mmoja.

Mimi nilitaka kujua. Ng'ombe aliyekaa chini huinuliwaje? Kwa mkia? Kwa ndama wake? Ni swali la maarifa. Nilivuka ua kwa ajili ya uchunguzi tu, na nilikusudia kurudi.

Filimbi ikalia.

Sikujua alihesabu kwa vijiti. Upande wa Ndaki: mia moja na kumi na watatu, mimi nikiwamo. Upande wangu: Cecilia. Alikuwa amelala.

Jumatatu, 15 Agosti

Nilipinga matokeo. Nilidai angalau kura yangu irudishwe. Danford akauliza, Mwalimu, ulikwenda kwa miguu yako au ulibebwa na benchi? Karatasi ni za Ndaki. Nilitoka nje nikasimama kidogo pale zinapotupwa takataka za wino, nikapangusa miwani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ndaki alinifuata. Alivua kofia. Akasema kitabu chake kitasomwa na Wafipa, Wakonongo, Wapimbwe, watu wasiojua ng'ombe wa Kisukuma wala ngoma zao, kwa hiyo anaomba mtu aliyesoma aandike utangulizi. Akasema hamjui mwingine anayependa kueleza kama mimi. Jina langu litakuwa kwenye jalada, chini ya lake.

Nilimjibu kwa neno moja tu, nakubali. Cecilia anasema hilo halijawahi kutokea.

Danford akasisitiza: ukurasa mmoja. Akanionyesha kidole kimoja, akarudia kukionyesha. Nikamwambia bila shaka. Somo la Jumamosi limeniingia. Maneno machache.

Alhamisi, 18 Agosti

Utangulizi unakwenda vizuri. Niko ukurasa wa thelathini na nne. Nimemaliza asili ya reli, nimegusa kwa ufupi mvuke, na kesho nitaingia kwenye ng'ombe kwa ujumla, nikianzia na tumbo lake, ambalo lina vyumba vinne. Mchoro upo.

Nimemwandikia Danford barua. Kama karatasi hazitatosha, apunguze nyimbo.