Nzi wa Bi Lebo

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi ya kudumu ni moja, na sisi vibarua wa maabara ni wawili: mimi na Bi Lebo. Jina hilo nimempa mimi. Hubandika lebo kila kitu, hadi kikombe chake cha chai. Kila mmoja amepewa trei ya nzi na chupa yake ya dawa. Yeye A, mimi C. Matone matatu kwenye chakula chao kila asubuhi, basi. Mengine Profesa aliyaeleza kwenye kikao cha Ijumaa, lakini mimi nilikuwa kwa kinyozi. Mtu wa kudumu lazima apendeze! Ni vitamini tu hizo, nani asiyejua?

Mama mkwe huwaambia watu kwamba bintiye kaolewa na mchunga nzi. Keshanitafutia kazi kwenye duka la magodoro la shemeji. Nikikosa nafasi hii, ndiko niendako. Magodoro! Mimi!

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Nzi wangu wamelala chali, miguu juu. Nimewagongea kioo, wapi! Wa Bi Lebo wanarukaruka kama wako harusini. Nikamuuliza anawafanyia nini. Akajibu kwamba anafuata maelekezo tu, machozi yamemlenga machoni. Furaha hiyo. Mnafiki mkubwa.

Jumatano, 6 Machi

Profesa anakagua kesho. Bi Lebo alipokwenda kula, nilibandua lebo zake zote, za jina na za herufi ya dawa, nikazibandika kwenye trei yangu, na zangu kwenye yake. Dakika nne! Kazi ilikuwa safi. Nikampigia mke wangu, nikamwambia amwarifu mama yake kwamba mambo yamekwisha iva. Mama mkwe mwenyewe akaichukua simu, akaniita mwanangu, mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Profesa aliinua trei ya maiti, akasoma lebo. Nikaandaa uso wa kumpa pole Bi Lebo. Profesa akamshika mkono, akautikisa mpaka miwani yake mwenyewe ikaanguka. Akasema dawa A imezima kimeng'enya kinachosaga wanga tumboni mwa nzi. Wanakula, wanashiba, na bado wanakufa njaa. Ndicho alichokitafuta miaka sita! Kisha akageukia trei iliyoandikwa jina langu, nzi wanacheza. Akanipa pole.

Kumbe walitakiwa kufa! Kumbe ndilo lililosemwa Ijumaa! Kinyozi yule kaniponza.

Nikafungua kinywa niseme ukweli. Wakati huohuo Profesa akasifu unadhifu wa lebo, akaongeza kwamba anayechezea lebo hakai kwake hata dakika moja. Nikafunga kinywa. Bi Lebo aliitazama trei yake kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, kisha akaipokea.

Ijumaa, 8 Machi

Nafasi kapata yeye. Kisha kaniombea kwa Profesa nibaki mwezi mmoja kama msaidizi wake. Eti mimi ni mtu mwema na nina mke. Nimeumia kuliko kufukuzwa. Nyumbani mke wangu hasemi nami, maana mama yake keshautangazia mtaa mzima kwamba nafasi ni yangu.

Jumanne, 12 Machi

Profesa anataka jaribio lirudiwe. Bi Lebo kaniachia matone, matatu kila asubuhi, dawa A. Nimedondosha kwa mkono wangu mwenyewe. Nzi wananenepa! Wengine wametaga. Profesa akauliza nani anawalisha. Nikasema mimi. Akasema mtu asiyeweza hata kuhesabu hadi tatu hamfai. Amenipa mpaka Ijumaa: nzi wasipokufa, nifungashe virago.

Jumatano, 13 Machi

Nimepata wazo! Dawa C ipo nusu chupa kabatini, hakuna anayeikumbuka. Kesho nitawahi kabla ya wote, nimwage A kwenye sinki, nimimine C ndani ya chupa ya A. Nzi watakufa wote. Profesa atacheka, Bi Lebo atasifiwa, nami nitabaki kazini. C itakuwa imekwisha kabisa, lakini inamhusu nani?

Lebo sizigusi tena. Mimi si mtu wa kurudia kosa.