Nyama ya Moto kwa Damu ya Nurzat

Jumatatu, 3 Februari
Nurzat mwanangu, salamu. Baba yako Asankul anakusalimu. Bibi yako Sairagul anakusalimu kutoka kitandani. Kaka yako na mkewe wanakusalimu, na ng'ombe mwekundu naye, amezaa. Mimi mama yako ni mzima wa mwili tu. Haya siyatumi. Kwenye simu nikianza kusema nalia, nawe unakata.

Daktari wa huko mjini Bishkek kanikataza nisikuite nyumbani mpaka majira ya joto. Ati damu yako inajipiga yenyewe: ikiguswa na baridi, chembe nyekundu zinashikana mabonge. Nimeelewa vizuri. Ni kama mafuta ya mkia wa kondoo kwenye supu iliyosahauliwa. Mafuta yakiganda mtu hufanyaje? Anapasha moto. Watu wamesoma mpaka wamesahau jiko.

Jumatano, 5 Februari
Nimechochea jiko tangu alfajiri, daktari aambiwe kwamba kwetu ni kiangazi. Kioo cha dirisha kimepasuka. Baba yako kahamia zizini, kasema kondoo wana akili kuliko mkewe. Jirani Batma kachungulia, kauliza tunaoka nani. Nikamwambia aache wivu, jiko lake linakohoa tu.

Kitanda chako nimekitandika hata hivyo. Nimekikalia kidogo.

Alhamisi, 6 Februari
Mpango mpya. Nyama ya mbuzi ni ya baridi, ya farasi ni ya moto, kila mtu anajua. Hujala farasi tangu uende kushona huko mjini, ndiyo maana. Nimekujazia chuchuk, soseji nene kama mkono wangu. Dereva Jolchu kakataa kuziweka ndani ya gari, ati abiria watanuka farasi. Kazifunga juu ya paa. Sawa tu. Moto wake uko ndani ya nyama.

Jumamosi, 8 Februari
Zimefika ngumu kama magogo. Shangazi yako wa huko mjini kasema ulizipokea bila glavu, ukazikumbatia, ukazinusa, ukalia pale stendi. Vidole vikawa bluu. Kisha mkojo ukawa mweusi kama chai. Umelazwa.

Daktari kanipigia. Hakufoka, afadhali angefoka. Kasema polepole kwamba moto wa nyama haufiki vidoleni, na baridi ni baridi hata ikija na farasi. Nikamwuliza kama umekula. Kasema ndiyo, uliomba uchemshiwe kipande.

Nimelia kwenye taulo, bibi asisikie.

Jumatatu, 10 Februari
Umetoka. Wamekuongezea damu, nayo wameipasha joto kwanza. Wanapasha. Si nilisema?

Nimefikiri sana na kosa langu nimeliona: nilituma nyama iliyokufa. Kondoo hai hagandi. Kesho napanda gari la Jolchu nimempakata kondoo dume mweusi. Nitamchinja hapo kwako, nikufunge kwa ngozi yake ingali na joto. Baba yako kaanza kusema kitu, nikafunga mlango.

Hili moja nakutumia kwenye simu. Nijibu upesi, mwanangu: kondoo anaruhusiwa kwenye lifti?