Mlimau wa Noreen Upande Wangu

Jumanne, 19 Aprili 2022
Jirani yangu Noreen Tilbrook anauza shamba lake. Anahamia Albany, mji wa mbali pwani, kwa binti yake. Aliniambia dukani huku akichagua betri, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikajibu, vizuri. Vizuri! Tangu mumewe afariki, kila asubuhi mimi hutazama moshi wa jiko lake kabla sijatazama mawingu, na neno nililopata ni hilo. Lazima mauzo yakwame. Njia ninayo.

Jumatano, 20 Aprili
Njia yenyewe ni kipokezi cha setilaiti. Nimekifungua kwenye trekta, ambako kazi yake ni kuiongoza ipande ngano kwa mistari iliyonyooka. Nieleze, ingawa hakuna atakayesoma: kila setilaiti ina saa makini mno, na hutangaza ni saa ngapi ilipotuma ujumbe wake. Kipokezi hupima ujumbe umechukua muda gani njiani, na muda huo ndio unaotoa umbali. Setilaiti tatu zingetosha kukuonyesha ulipo, ila saa ya kipokezi ni ya bei rahisi na hudanganya, kwa hiyo ya nne huja kuisahihisha. Uzuri ulioje! Nimefundisha jiografia hapa Wagin, Australia, maisha yangu yote, huku nikilima, na bado nywele hunisimama.

Nikachukua namba za mpaka wangu na Noreen, yaani latitudo na longitudo, kutoka ramani ya mwaka 1994, nikatembea hadi kipokezi kikaonyesha namba zilezile. Lo! Mpaka hauko penye uzio. Uko mita moja na nusu kusini, ndani ya bustani ya Noreen. Mlimau wake ni wangu! Na shamba lenye mgogoro haliuziki.

Alhamisi, 21 Aprili
Nilimpelekea habari. Jikoni nikamkuta Clem Pascoe, fundi wa matrekta, anakula keki. Huyu huja kutazama trekta ya Noreen hata ikiwa nzima. Noreen akauliza, jirani, umepungukiwa nini hadi uyaonee wivu malimau yangu? Nikasema si malimau, ni sayansi. Clem akasema haya, mwalimu kaingia, nani ana chaki? Noreen hakucheka. Alisema atamwambia wakala wa mauzo asubiri hadi mpaka upimwe.

Nimeshinda! Lakini hakunikaribisha keki. Nimekula mkate mkavu, nimesimama dirishani.

Jumamosi, 23 Aprili
Niliwaita wote wawili uzioni niwape ushahidi. Nilivaa tai. Clem akauliza harusi ya nani. Sikumjali. Nikaanza mbali, kama somo zuri linavyotaka. Nikasema, mama, hata ardhi hii unayoikanyaga haikutulia; bara zima la Australia linasogea kaskazini-mashariki karibu sentimita saba kila mwaka, wakati setilaiti haziambatani nalo, ndiyo maana namba za mahali palepale hubadilika, ndiyo maana serikali ilitoa namba mpya na kila mkulima...

Nikatazama mwaka kwenye ramani yangu. Clem akasema endelea, mwalimu, usituache njiani.

Tangu 1994 bara limesogea, na uzio, na mlimau, na mimi mwenyewe. Ni namba za ramani yangu tu zilizobaki nyuma; mpaka uko palepale penye uzio. Kipokezi nilikiwekea namba mpya miaka miwili iliyopita. Kwa mkono wangu! Clem alicheka hadi akashika nguzo. Noreen akachuma limau moja, akanipa, akaingia ndani.

Jumanne, 26 Aprili
Nilikwenda kuomba radhi. Tulikuwa wawili tu. Safari hii nilikaribishwa keki. Noreen akasema sasa niambie ukweli, Lindsay, ulitaka nini? Maana Albany sina haraka nayo, na kama kuna mtu ana sababu ya kunizuia, aiseme leo, wakala anapiga simu jioni.

Aliniita Lindsay. Si jirani. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikimweleza kwamba kosa dogo la saa huko juu, dogo kuliko kupepesa jicho, linaweza kukukosesha mahali kwa kilomita nyingi. Nilieleza vizuri sana. Hata mchoro nilichora. Chai yake ikapoa. Akasema asante, mwalimu, nimeelewa.

Jumamosi, 30 Aprili
Alikwenda jana. Clem alimbebea masanduku. Mimi nilishika lango.

Asubuhi ya leo nilitazama kule, moshi hakuna. Nikajiliwaza hivi: Albany iko kwenye bara hilihili. Inasogea pamoja nasi, mwendo uleule, upande uleule. Kwa hiyo hawezi kuwa mbali zaidi ya alivyo leo. Hesabu nimerudia, ni sahihi.

Lakini mtu makini hathibitishi kwa karatasi tu. Nikimaliza kupanda nitapeleka kipokezi Albany, nikisimamishe langoni kwake. Akitoka kuniuliza nimefuata nini, safari hii sitababaika: maelezo nimeyaandaa, ya muda wa saa mbili, yenye michoro.