Tuisheni ya Sungura

Jumanne, 8 Juni 1993

Boni amefuta kamasi mgongoni mwa Sista sasa hivi. Sista ni sungura wetu, nimempa jina hilo kwa weupe na upole. Boni ni mwanangu, miaka miwili, mafua ya kipupwe yamemshika na bado ni mzuri vilevile.

Leo nimepeleka maandazi maabara ya chuo. Daktari Lukasi anatafuta sungura. Nikamuuliza wa nini. Akanieleza, hana maringo. Ndani ya mwili wa mtu kuna kitu kinaitwa kimeng'enya. Virusi vya mafua vikiingia, kinaamka kupambana navyo. Anataka kujua kikiamka, na kwa macho hakionekani. Basi sungura anachomwa sindano yenye kimeng'enya cha mtu, damu yake inakiona mgeni, inajifunza sura yake, inatengeneza kingamwili za kukikamata hicho tu. Halafu anatolewa damu kidogo sikioni. Hachinjwi.

Hachinjwi. Nimerudi mbio. Maana Leonard, mume wangu, amesema Sista anakula bure, na Jumapili baba yake anashuka kutoka Kinole, lazima kitoweo kiwepo. Nimemwomba asubiri Ijumaa, Daktari anakuja kuchagua. Chuo kikimchukua Sista, amepona. Leonard kakubali, huku ananoa kisu.

Jumatano, 9 Juni

Wifi Felista, dada yake Leonard, naye ana sungura. Wanne. Habari imemfika. Kapita kuomba chumvi, kamtazama Sista, kaniuliza: wifi, huyu mnene ni wa chuo au wa nazi? Nimecheka kwa meno tu.

Lakini nimewaza. Sungura wa Felista wako bandani, hawajui hata binadamu ananukaje. Na siku hizi watoto wote wa walimu wanapelekwa tuisheni, mtihani ukija maswali wameshayaona. Kwa nini Sista asubiri sindano? Boni ana mafua, kimeng'enya chake kimeamka, kipo hapa hapa nyumbani. Nimemhamishia Sista kitandani kwa mtoto. Boni kapiga chafya, Sista kalamba. Somo la kwanza.

Alhamisi, 10 Juni

Masomo yanakwenda vizuri mno. Asubuhi uji sahani moja. Mchana mto mmoja. Boni kamkumbatia shingoni, kamasi zinatiririka, mpaka moyo wangu umelainika. Sista katulia kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Leonard kauliza inakuwaje sungura alale kitandani na yeye mkekani. Nimemwambia ni mambo ya chuo.

Ijumaa, 11 Juni

Daktari kaja. Nimemwamkia shikamoo, na sikuweza kunyamaza. Nikamwambia Sista ameshaanza, kimeng'enya cha Boni anakijua kama jirani.

Kavua miwani. Kasema taratibu: Mama Boni, mimi nataka sungura asiyejua kitu. Kabla ya sindano wanapima damu yake, inatakiwa iwe kama ubao uliofutwa. La sivyo, kitakachoonekana baadaye nani atajua kimetoka kwenye sindano au kwenye pua ya mtoto? Nikauliza kama hakuna darasa la juu kidogo. Kacheka mpaka kakohoa. Kachukua wawili wa Felista.

Felista kanishika bega. Wangu mbumbumbu wamefaulu, wifi. Pole na tuisheni.

Nimelia kidogo nyuma ya jiko. Boni kanifuta machozi kwa mkono ule ule wa kamasi.

Jumamosi, 12 Juni

Nimepata njia. Daktari kamwambia Felista atahitaji sungura wengine, na wawili waliobaki kwake ni madume. Nimempa Sista akazae huko, yeye kanipa kuku mmoja wa kumpikia baba mkwe. Sista amepona. Leonard ana kitoweo. Nimeimba siku nzima.

Jumapili, 13 Juni

Nimekutana na Daktari tukitoka misa. Kasema nchi za nje wengine hawatumii sungura, wanatumia kuku. Anachomwa sindano, kingamwili zinaingia kwenye kiini cha yai. Hata sikio haligusi mtu, unaokota yai tu. Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Sasa kosa langu nimeliona. Siku mbili zilikuwa chache, halafu nikasema mapema. Kuku nimemfunika blanketi moja na Boni, wanapigiana chafya toka nirudi, na safari hii Daktari simwambii neno mpaka nimshikishe yai mkononi. Baba mkwe atakula maharage, ni mtu wa milimani, ameyazoea. Imebaki kumweleza Leonard kwamba kuku huyu si wa kuliwa tena. Nitaanza polepole, nimwambie kwanza kwamba

Leonard anaita. Maji yamechemka, anauliza kuku nimemfunga wa