Shuka na Msomaji Bora

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi katangaza: mshairi anakuja mwezi ujao. Atakayempokea jukwaani ni msomaji bora wa kikundi chetu cha kusoma vitabu, tutamchagua Jumamosi. Ni mimi au fundi saa. Yeye husoma kitabu mpaka mwisho. Mimi nina akili: nimeazima vitabu vyote vitatu vya mwezi huu, nakala pekee. Tuone atasoma nini.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua diwani ya mashairi ofisini, niokote mstari mmoja wa kujidai nao. Mjane anakunja shuka. Hana wa kumshikia upande wa pili, kaufunga kwenye kitasa cha mlango. Basi, shairi limeishia hapo. Nimekaa na muhuri mkononi, foleni inanitazama. Mkubwa wangu akauliza kama naumwa.

Jumatano, 5 Machi
Kitabu cha pili ni maisha ya mkunga, kayaandika mwenyewe. Mke wangu kanipokonya kwenye ukurasa wa kumi. Alipokimaliza akampigia simu dada yake. Walikuwa hawajasemezana miaka sita. Nimesimama mlangoni nikiwasikiliza wakicheka. Karatasi tu ile, na wino.

Ijumaa, 7 Machi
Kitabu cha tatu, hadithi fupi. Moja ina kurasa nne: baba anamfundisha bintiye kuendesha baiskeli, anaiachia. Nimeisoma mara tatu. Kila mara mkono unaniuma pale anapoachia. Hotuba yangu ya kuomba kura kesho sijaigusa.

Jumamosi, 8 Machi
Nikasimama, maneno makubwa yote yakanitoka kichwani. Nikaeleza shuka na kitasa, nikakaa. Fundi saa akasema taratibu kwamba hakupata kitabu, kuna mtu kaviazima vyote. Kisha akauliza, “Huyo mama alitumia kitasa cha chumbani? Mimi natumia cha jikoni. Kiko juu zaidi.”
Mkewe alifariki mwaka jana. Nilijua, ila sikuwahi kufikiria shuka zake.
Nikampa diwani mbele ya watu. Akaisoma akiwa wima, midomo ikicheza. Kikundi kizima kikamchagua yeye. Na mimi, sijui nini kilinipata, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Jumapili, 9 Machi
Nimetuliza akili, kosa nimeliona. Nilisoma mwenyewe. Mwezi ujao vitabu vyote naazima tena, ila atasoma karani mwenzangu, anisimulie. Yule hajawahi kulia hata kwa kitunguu.